Sato wa Baba Mdogo

Mwaka 1974 kijiwe cha kahawa cha mtaani kwetu Mbugani, Mwanza, kiliingiwa na ubishi mkubwa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwepo. Nilikuwa mtoto wa darasa la tano. Jioni nilikuwa nikisuuza vikombe vya babu muuza kahawa ili nipewe kashata, na masikio yangu yalikuwa hayana kazi nyingine.

Ubishi wa kwanza ulikuwa wa mpira. Tarehe 10 Agosti, Yanga na Simba walicheza katika uwanja wetu wa Nyamagana. Adam Sabu aliifungia Simba dakika ya 16, na Simba wakalilinda bao lile karibu mchezo mzima. Baba Mdogo, ambaye alikuwa Simba wa damu, ameshaanza kupeana mikono na wenzake, Gibson Sembuli akasawazisha dakika ya 87. Muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Baba Mdogo alirudi nyumbani kwa miguu, hakula, na wiki nzima hakukanyaga kijiweni. Lile bao la Sembuli litarudi mbele huko, maana lilikuja kutumika kama ushahidi katika ubishi wa pili.

Ubishi wa pili ulikuwa wa George Foreman na Muhammad Ali, mabondia waliokuwa wapigane Kinshasa, Zaire.

Kijiwe chetu kilikuwa hatua chache kutoka mto Mirongo: mabenchi mawili, mwarobaini mmoja, na birika la shaba juu ya makaa. Watu wa kudumu walikuwa tisa. Baba Mdogo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Mwatex. Baharia wa MV Victoria alikuwa akituletea habari za Bukoba, Kisumu na Port Bell, maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ingali hai na meli ilikuwa ikizunguka ziwa lote. Fundi cherehani ndiye aliyekuwa na redio, National ya betri, na waya wake wa antena ulipanda hadi kwenye tawi la mwarobaini. Palikuwa na Mmanyema aliyezaliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, muuza vitenge, aliyejua Kifaransa na Kilingala. Palikuwa na mwalimu wa elimu ya watu wazima. Na palikuwa na mzee mvuvi wa Ukerewe, mtu wa maneno machache, ambaye vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na makovu ya meno ya kamongo. Watatu waliobaki walikuwa wasikilizaji zaidi, lakini kura zao zilihesabiwa kama za wengine.

Sheria ya pale ilikuwa moja. Ukisema neno huna ushahidi, unalipia kahawa ya wote.

Msomaji wa leo akumbuke kwamba katika tisa hao hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Foreman akirusha konde. Televisheni Tanzania Bara ilikuja 1994. Walichokuwa nacho ni redio, gazeti la Uhuru lililotufikia limeshapitwa na siku, magazeti ya Kenya aliyokuja nayo baharia, na picha. Picha moja ya Foreman, aliyoipata Kisumu, ilipita mkono kwa mkono mpaka kona zake zikalainika kama kitambaa. Kwa vitu hivyo vichache walijenga hoja ambazo mpaka leo sijasikia watangazaji wenye skrini kumi mbele yao wakizijenga vizuri zaidi.

Hoja za Baba Mdogo zilikuwa nzito. Foreman alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote 40, na katika hizo 37 mpinzani hakumaliza pambano. Alikuwa na miaka 25. Ali alikuwa na 32. Lakini hoja iliyonyamazisha benchi ilikuwa ya Frazier na Norton. Joe Frazier alimshinda Ali mwaka 1971. Ken Norton alimshinda Ali mwaka 1973 na kumvunja taya. Sasa hao wawili Foreman aliwafanya nini? Frazier alimwangusha mara sita katika raundi mbili, kule Kingston, Jamaica, Januari 1973. Norton naye hakuvuka raundi ya pili, Caracas, Machi 1974.

"Waliokupiga wewe," Baba Mdogo akasema, "mimi nawalaza kabla kahawa haijapoa. Sasa wewe nikufanye nini?"

Mzee wa Ukerewe alikuwa akivuta mtemba wake. Akauliza taratibu, "Sembuli alifunga dakika ya ngapi?"

Kijiwe kizima kilicheka, Baba Mdogo akageuza uso. Lakini nadhani mzee hakuwa akimdhihaki. Alikuwa anauliza swali la kweli: huyu mtu ambaye hajahitaji raundi ya tano kwa muda mrefu, tunajua nini juu ya pumzi zake katika raundi ya nane? Kisha akasema jambo la uvuvi. Kamongo mkubwa akishika ndoano, kijana mgeni humvuta kwa nguvu, mshipi ukakatika, au samaki akaingia mtumbwini na hasira zake zote akamng'ata mtu. Mvuvi humwachia mshipi. Humwacha avute, avute, mpaka mwenyewe aje juu amechoka. Alisema Ali atamzungusha Foreman ulingoni kwa miguu mpaka achoke.

Mwalimu alidai ushahidi, akisema samaki si ushahidi wa ngumi. Ikapigwa kura ya kahawa, mzee akashinda.

Fundi cherehani alileta hoja ya nyumbani. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Titus Simba wetu alipata medali ya fedha ya ngumi za uzito wa kati. Aliyemshinda fainali alikuwa Mwingereza John Conteh. Na Oktoba ya mwaka ule wa 1974, tarehe mosi, Conteh alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mwepesi. Fundi alitaka tuelewe kwamba ulimwengu huo wa mikanda si wa malaika. Kijana wa Tanzania alisimama na bingwa wa dunia mpaka kengele ya mwisho. Hoja ile haikumsaidia Ali wala Foreman, lakini iliwafanya watu wakae wima kwenye benchi.

Fundi huyo alikuwa amebandika picha ya Ali ukutani, juu ya cherehani yake. Alimpenda kwa dini, kwa sababu Cassius Clay wa Louisville alipokuwa Muhammad Ali mwaka 1964, jina lile lilisikika misikitini hata huku kwetu. Wengine walimpenda kwa sababu ya Vietnam. Alikataa kwenda kupigana na watu ambao hawakumkosea kitu, akavuliwa ubingwa mwaka 1967, akanyimwa ulingo kwa miaka mitatu na nusu. Katika Mwanza ya TANU, ambako watoto wa shule waliimba habari za ukombozi asubuhi, mtu wa namna hiyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Lakini ilipofika kupiga kura, fundi alimpa Foreman. Alisema, "Mimi nampenda Ali, na ninaogopa atauawa." Macho yake yalikuwa mekundu. Hesabu ilikuwa saba kwa Foreman na wawili kwa Ali: mzee wa Ukerewe na Mmanyema. Mimi nilikuwa nahesabu vikombe, kwa hiyo na kura nilizihesabu.

Naisisitiza hesabu hiyo kwa sababu maalumu. Foreman alipofariki Machi 2025, vijana walinisimulia kwamba mwaka 1974 Afrika nzima ilijua Ali atashinda. Ali mwenyewe alikuwa ameshatutoka tangu Juni 2016, na kila aliyekuwa hai siku ile anapenda kusema alijua. Si kweli. Afrika ilimtaka Ali ashinde. Kutaka na kujua ni vitu viwili, na wale wazee saba walivitenganisha kwa uchungu, mbele ya watu, bila kumdanganya mtu wala kujidanganya. Sikubali waondolewe heshima hiyo.

Mmanyema alikuwa na sababu zake, na ndiye aliyetufungua macho kuhusu mbwa. Foreman alishuka Kinshasa na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani. Kwetu hilo lilikuwa jambo la kitajiri tu. Mmanyema akaeleza kwamba mbwa wa aina ile ndio waliotumiwa na polisi wa Kibelgiji kuwakamata watu. Kijana huyu wa Texas, mweusi kama sisi, aliyekulia katika umaskini, alishuka kwenye ndege na kitu ambacho kila mtu mzima pale alikuwa akikiona ndotoni. Mmanyema alisema Foreman ameshapigwa raundi ya kwanza na hajui. Sikumwonea Foreman uchungu wakati ule. Siku hizi namwonea.

Mwalimu alikataa kupiga kelele kwa upande wowote, ingawa kura alipiga. Alisema pambano lile ni la Mobutu, mtawala wa Zaire, na mikono ya Mobutu ina damu ya Lumumba. Dola milioni 5 kwa kila bondia, ambazo fundi alizigeuza kwa chaki kwenye ubao wa kukatia nguo zikawa zaidi ya shilingi milioni 35 za wakati ule, ni pesa za Wakongo wasio na dawa hospitalini. Hakuna aliyembishia. Mwaka ule sisi wenyewe tulikuwa na njaa. Mvua zilikuwa zimekatika na tulikuwa tukila ugali wa unga wa njano kutoka Marekani, tuliouita unga wa Yanga, na Baba Mdogo alikuwa anaulalamikia zaidi jina kuliko ladha. Kwa hiyo mwalimu alisikilizwa kwa adabu. Kisha maneno ya ngumi yakaendelea.

Pambano lilikuwa lifanyike Septemba 25. Siku chache kabla, Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, likasogezwa hadi Oktoba 30. Muziki haukusogezwa. James Brown, Miriam Makeba na Franco walipiga Kinshasa Septemba ile ile kama ilivyopangwa, na kwa watu waliokuwa wakicheza Franco kila Jumamosi hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko jicho la Foreman. Lakini wiki tano za ziada zilikikomaza kijiwe. Kila hoja iligeuzwa upande wa pili. Ndipo Baba Mdogo na mzee wa Ukerewe walipowekeana dau la sato mmoja mkubwa, wa mkono mzima kutoka kiganjani hadi kiwiko. Siku hizo sangara alikuwa bado hajajaa upande wetu wa ziwa. Sato ndiye aliyekuwa samaki wa heshima.

Usiku wa kuamkia Jumatano ya Oktoba 30 nililala na sare ya shule mwilini. Kinshasa pambano lilipangwa saa 10 alfajiri, ili Wamarekani walione usiku wa kwao kabla hawajalala. Kwetu hiyo ilikuwa saa 12 asubuhi. Waliopanga hawakuifikiria Mwanza, lakini wangeifikiria wasingechagua saa bora kuliko ile. Wavuvi walikuwa wanarudi. Baba Mdogo alikuwa amebadilishana zamu. Babu aliwasha makaa gizani. "Mwangaluka," mzee wa Ukerewe alisalimia kwa Kisukuma cha mjini, watu wakamjibu kwa sauti ndogo, kama msibani. Mwalimu naye alikuja. Alisimama nyuma kidogo ya benchi, mikono mfukoni.

Fundi alizungusha kitufe. Masafa mafupi yana tabia yake: sauti huja kama mtu anayetembea juu ya changarawe, ikasogea, ikazama. Tulipata kituo cha Zaire kwa Kifaransa. Mmanyema aliinamisha kichwa hadi sikio likagusa kitambaa cha spika, akawa anatupa Kiswahili kipande kipande. Nyuma ya mtangazaji kulikuwa na uwanja mzima ukiimba "Ali, bomaye". Kwa Kilingala ni kumwambia Ali amuue yule. Sisi watoto tulisikia "bomoa". Tukaanza kuimba "Ali, bomoa", wakubwa wakatufokea tunyamaze, na Mmanyema akasema tuachwe, kwamba tumefasiri vizuri.

Raundi ya kwanza Ali alimpiga Foreman ngumi za mkono wa kulia usoni. Benchi liliinuka. Raundi ya pili Mmanyema alinyamaza, kisha akasema, "Amekwenda kwenye kamba."

"Amesukumwa?" fundi aliuliza.

"Amekwenda mwenyewe. Ameegemea. Anapigwa."

Nilimwangalia mzee wa Ukerewe. Alikuwa amesema Ali atazunguka kwa miguu, na Ali hakuzunguka. Amesimama amejifunika, anampa Foreman mbavu na mikono ajichokeshe nayo. Hakuna mtu katika kijiwe chetu aliyekuwa amesema hilo litatokea. Wala sidhani kama palikuwa na kijiwe chochote duniani kilichosema. Raundi ya tatu, ya nne, ya tano, sauti ikija na kuzama, na kila ikizama tulidhani Ali ameanguka. Fundi alikuwa ameshika picha aliyoibandua ukutani. Mwalimu alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi bila mtu kumwona alipokaa. Nakumbuka ndege wa asubuhi kwenye mwarobaini, na kengele ya baiskeli ya muuza maziwa aliyepita akasimama, akasahau maziwa yake.

Karibu raundi ya sita au ya saba mzee alitoa mtemba mdomoni. Akasema, "Ameachiwa mshipi." Hakumwangalia mtu.

Raundi ya nane ilikuwa karibu kwisha redio ilipochanganyikiwa. Kelele zilipanda, mtangazaji akawa hasemi Kifaransa tena, anasema jina moja tu. Mmanyema aliinuka polepole. Kwa sekunde kadhaa hakufasiri kitu. Baba Mdogo alimshika mkono akamwambia, "Ndugu yangu, sema," naye akasema, "Foreman yuko chini. Amehesabiwa. Kwisha."

Fundi alilia waziwazi. Watu walikimbia barabarani wakagonga milango ya watu waliolala. Mimi nilikimbia shule, nikafika kengele imeshapigwa, nikachapwa viboko viwili vya kuchelewa ambavyo sikuvisikia. Baadaye tulikuja kusikia kwamba Kinshasa mvua kubwa ilishuka muda mfupi tu baada ya pambano. Mwanza jua lilitoka safi.

Baba Mdogo alilipa siku ile ile. Alikwenda mwaloni mwenyewe, akachagua sato bila kupunguza hata inchi, akamleta kijiweni amefungwa kwa ukindu. Alipikwa pale pale, akaliwa kwa unga wa njano. Baba Mdogo alionja tonge moja. Kisha akasema mbele ya wote, nami nilisikia: "Yule mtu hajaisha. Siku atakayourudisha mkanda, nataka sato wangu." Mzee wa Ukerewe akampa mkono. "Nitamleta mwenyewe," akasema.

Kijiwe kiliendelea kubishana miaka mingine mingi. Mwaka 1978 Idi Amin, ambaye aliwahi kuwa bondia, alipotamka kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize vita ulingoni na Ali awe mwamuzi, hakuna aliyecheka pale kwetu. Vijana wa mtaa walikuwa wameshaondoka kwenda Kagera. Februari 1980 Ali mwenyewe alitua Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Hilo lilimuumiza fundi kuliko ngumi yoyote ya Frazier: mtu aliyekataa kutumwa Vietnam, sasa ametumwa kwetu. Alimtetea wiki nzima, akasema amedanganywa. Tulikwenda Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, na picha ya Ali ikabaki pale pale juu ya cherehani.

Mzee wa Ukerewe alifariki katikati ya miaka ya themanini. Mwarobaini ulikatwa kupisha duka.

Tarehe 5 Novemba 1994, kule Las Vegas, George Foreman, mwenye miaka 45, alimlaza Michael Moorer katika raundi ya kumi na kuwa bingwa wa dunia tena. Alikuwa amevaa kaptura ile ile nyekundu ya Kinshasa. Kwetu ilikuwa Jumapili. Baba Mdogo, mvi kichwa kizima, aliisikia redioni, akavaa kanzu, akanipitia nyumbani kwangu Nyakato. Hakusema tunakwenda wapi. Tulipanda daladala hadi kwa mtoto wa mzee wa Ukerewe, ambaye naye alikuwa mvuvi, tukakaa, tukapewa uji. Baba Mdogo alimweleza yote tangu dakika ya 87 ya Sembuli, kwa utaratibu, kama anayetoa maelezo ya urithi.

Yule kijana alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa ameambiwa habari za dau na baba yake, na hakudai ushahidi. Mwaka ule sangara ndiye aliyejaa ziwani na viwanda vya minofu vilikuwa vikimnunua kwa tani. Kumpata sato mkubwa ilikuwa kazi. Alikaa siku tatu. Siku ya nne alikuja Mbugani na sato wa kiganjani hadi kiwiko, amemfunga kwa ukindu.

Baba Mdogo alimkata vipande viwili, akamrudishia yule kijana cha kichwa.